Ngoma ya Utotoni na Nia ya Mwanamichezo

Kitenzi "kucheza" katika Kiswahili kimebeba mambo mawili kwa pamoja: mtu hucheza ngoma, na mtu hucheza mpira. Hata hivyo, katika fikra za wengi mambo hayo yametengana. Ngoma huchukuliwa kuwa pambo la sherehe, ilhali michezo ya ushindani huchukuliwa kuwa kazi ya misuli. Makala hii inafafanua jinsi mafunzo ya mapema ya ngoma, hususan bale, yanavyoweza kuijenga nia ya mwanamichezo wa kulipwa, na maana ya jambo hilo kwa mahali kama Malili, Kaunti ya Makueni.

Bale ni ngoma ya jukwaani iliyowekewa kanuni nchini Ufaransa, ambako Mfalme Louis wa 14 aliunda chuo cha ngoma mwaka 1661. Somo lake huanza kwa mwanafunzi kushika ufito uliowekwa kando ya ukuta, akikunja magoti polepole na kunyoosha nyayo. Mtoto anayeanza hufanya hivyo, na mchezaji aliyebobea hufanya vivyo hivyo hadi anapostaafu. Kutokana na utaratibu huu mtoto huvuna mambo matatu. Kwanza, hutambua kwamba marudio si adhabu bali ndiyo kazi yenyewe. Pili, husahihishwa kidevu, bega na kidole mbele ya wenzake, hata akazoea kulipokea sahihisho bila kununa. Tatu, huzoea kutazamwa, kwa hiyo macho ya umati hayamtetemeshi.

Mifano ipo. Rio Ferdinand, aliyekuja kuwa mlinzi wa Manchester United na timu ya taifa ya Uingereza, alipata ufadhili wa kusomea bale jijini London akiwa na umri wa miaka 11. Lynn Swann wa Marekani, aliyejifunza bale tangu utotoni, alitangazwa mchezaji bora wa fainali ya ligi ya kandanda ya Kimarekani mwezi Januari 1976. Naye Vasyl Lomachenko wa Ukraine alipokuwa mtoto, baba yake, ambaye pia alikuwa kocha wake, alimsimamisha ndondi kwa miaka kadhaa ili ajifunze ngoma za jadi za nchi yao. Baadaye alitwaa nishani ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 2008 na tena 2012.

Mfano huu wa mwisho unaigusa Ukambani moja kwa moja, kwa kuwa haukuhitaji bale. Ngoma za Wakamba zinasifika kwa miruko na mipinduko ya hewani inayofuata mdundo na filimbi. Anayechelewa pigo moja huanguka, au humwangusha mwenzake. Nidhamu ile ile ya marudio, masahihisho na kutazamwa imo humo, na shule zimeiendeleza kupitia Tamasha za Muziki za Kenya, zilizoanza mwaka 1927.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Ngoma haimzai bingwa. Kipaji, lishe na mwalimu mwema vina sehemu yao. Aidha, mafunzo makali yanaweza kumfunza mtoto kuficha maumivu na kuuchukia mwili wake. Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini akikunjwa kwa pupa huvunjika.

Kwa mzazi wa Malili, suala hili si la nadharia tu. Ujenzi wa mji wa teknolojia wa Konza, uliozinduliwa jirani mwezi Januari 2013, umeyaelekeza macho ya wengi kwenye kompyuta. Wakati huo huo, mtaala wa umilisi, uliofika sekondari ya juu mwaka 2026, una mikondo mitatu, na mmoja wao unaunganisha sanaa na sayansi ya michezo. Iwapo mkondo huo utadharauliwa kuwa kimbilio la walioshindwa hesabu, watoto watapoteza shule ya nia ambayo wazee wao waliiendesha uwanjani kwa ngoma na filimbi. Ukiheshimiwa, mwalimu wa ngoma na kocha wa mbio watagundua kwamba wanamfundisha mtoto yule yule jambo lile lile: kuanguka, kusahihishwa, na kurudia. Kiswahili kiliviweka vyote viwili katika kitenzi kimoja; shule nazo hazina budi kuviweka chini ya paa moja.