Rangi nne za kupanga barua pepe, ada na tarehe za mtoto zisipotee

Zamani taarifa ya shule ilikuja imekunjwa ndani ya daftari la mtoto. Siku hizi fomu ya kujiunga, ankara ya ada, ratiba ya mitihani na tarehe ya kikao cha wazazi huja pia kwa barua pepe. Shida ni kwamba huja zimebanwa katikati ya matangazo ya viatu, taarifa za benki na salamu za kampuni ambazo mzazi hata hakumbuki alijisajili lini.

Matokeo yake yanajulikana katika nyumba nyingi. Tarehe inapita, faini inaongezeka, au mtoto anarudishwa getini kwa ada ambayo baba alidhani mama ameiona, na mama alidhani baba ameshalipa. Fedha ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuiona barua kwa wakati.

Dawa ipo, na ni ya bure. Huduma za barua pepe zinazotumiwa na wengi, kama Gmail na Outlook, zinaweza kupanga barua zenyewe kwa rangi mara tu zinapoingia. Mzazi anatoa maelekezo mara moja. Kazi iliyobaki inafanywa na programu, usiku na mchana.

Anza na rangi chache

Rangi zikizidi, zote hupoteza maana. Kwa familia ya kawaida nne zinatosha: nyekundu kwa shule, kijani kwa hospitali na bima ya afya, bluu kwa benki na risiti, na njano kwa kazi. Kila rangi ipewe na jina, kwa sababu wapo watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani.

Gmail ilipoanza mwaka 2004 ilikuja na lebo badala ya mafaili ya kutenganisha barua. Faida yake ni kwamba barua moja inaweza kubeba lebo mbili. Risiti ya ada, kwa mfano, inaweza kukaa kwenye “Shule” na pia kwenye “Risiti”, na mzazi akaipata kokote anakoitafuta.

Jinsi ya kufanya

Kwa Gmail, kazi ya kuweka maelekezo hufanyika kwenye kompyuta, si kwenye programu ya simu. Asiye na kompyuta anaweza kuazima ya ndugu au kwenda intaneti kafe kwa nusu saa, mradi asisahau kutoka kwenye akaunti yake akimaliza.

Kwanza, tengeneza lebo mpya upande wa kushoto wa ukurasa, iite “Shule”, kisha bonyeza nukta tatu pembeni ya jina hilo na uchague rangi.

Pili, fungua barua yoyote iliyotoka shuleni. Bonyeza nukta tatu zilizo juu yake na uchague kuchuja barua zinazofanana na hiyo. Anwani ya shule itajiandika yenyewe.

Tatu, weka alama ya tiki kwenye maelekezo matatu: ipewe lebo ya “Shule”, isipelekwe kamwe kwenye barua taka, na barua za zamani za anwani hiyo zipangwe pia. Usiruke hilo la pili. Gmail hufuta barua taka baada ya siku 30, na barua halali ya shule ikiangukia huko inaweza kufutika kabla hujajua kama ilikuja.

Kwenye Outlook, rangi huitwa kategoria, na maelekezo huwekwa kwenye mipangilio ya barua, sehemu ya kanuni.

Ukirudi kwenye simu, lebo zako utazikuta kwenye menyu ya mistari mitatu. Wenye simu za Android wanaweza hata kuiwekea lebo ya “Shule” mlio wake, simu ikalia tofauti barua ya mwalimu inapoingia.

Rangi si muhuri

Hapa ndipo mzazi anapotakiwa kuwa macho. Programu husoma anwani na maneno tu. Haijui mkweli wala mwongo. Ukiielekeza ipake nyekundu kila barua yenye jina la shule, hata ya tapeli aliyeandika jina hilo itapakwa nyekundu. Ndiyo maana ni salama zaidi kuchuja kwa anwani kamili ya mtumaji kuliko kwa jina au neno.

Hata hivyo, anwani nayo inaweza kughushiwa au kuibwa. Ikija barua inayosema akaunti ya benki ya shule imebadilika na ada ilipwe kwingine, usilipe. Piga simu shuleni kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo.

Nani anasoma nyekundu?

Programu inapanga, lakini hailipi ada wala hampeleki mtoto kliniki. Baba na mama wakae wakubaliane: nani anaangalia nyekundu, nani kijani, na siku gani. Dakika kumi za Jumapili jioni zinatosha kupitia rangi zote nne na kuandika tarehe za wiki kwenye kalenda ya ukutani.

Makubaliano hayo yana faida nyingine. Mmoja akisafiri au akiugua, mwenzake anajua ilipo kadi ya bima, ilipo risiti ya muhula uliopita, na ni lini malipo yanayofuata. Hahitaji kupekua barua mia tano wakati mtoto anasubiri.

Kama hujui pa kuanzia wiki hii, anza na shule peke yake. Hizo rangi nyingine zitafuata ukishazoea.