Duka Lako Katika Hesabu ya Nchi

Kaeni vema, kila mtu ashike daftari na kalamu. Leo tutajifunza hesabu ya biashara ya rejareja.

Biashara ya rejareja ni kumwuzia mtu kitu cha kutumia mwenyewe. Mwenye duka wa Mgori hununua katoni za sabuni Singida mjini kwa bei ya jumla, kisha huuza mche mmoja mmoja.

Tuseme jioni amekuta shilingi 60,000 sandukuni. Hayo ni mauzo, si faida. Bidhaa alizouza alizinunua kwa shilingi 51,000, na nauli ya kuzileta ilikuwa 2,000. Basi faida yake ni shilingi 7,000 tu. Akitoa 10,000 kwa matumizi ya nyumbani, amekula mtaji shilingi 3,000. Akiendelea hivyo kila siku, duka litabaki tupu.

Sasa tazameni bei. Tuseme mwaka jana aliuza miche 20 kwa shilingi 1,000 kila mmoja, akapata 20,000. Mwaka huu ameuza miche 20 kwa 1,200, akapata 24,000. Fedha zimeongezeka, lakini sabuni haikuongezeka hata mche mmoja. Kwa hiyo hesabu ya mauzo haitoshi bila kujua bei.

Je, dukani wanafanya kazi watu wangapi? Mwenye duka hujibu upesi, “Mimi peke yangu.” Lakini mkewe huuza kila alasiri, na yuko kijana anayelipwa kwa kupanga mizigo. Basi ni watatu. Kwa kanuni za kimataifa, mtu anayesaidia biashara ya jamaa yake huhesabiwa kuwa anafanya kazi, hata kama hapati mshahara. Ukimsahau, jasho lake halionekani katika vitabu vya nchi.

Vitabu hivyo hutungwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,370,637 katika Mkoa wa Singida. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 2,008,058. Wanunuzi wameongezeka. Lakini idadi ya watu peke yake haituambii wananunua nini, wala biashara hiyo inawapa kazi watu wangapi. Hayo hujulikana kwa kuwauliza wenye maduka.

Wengine huogopa kusema kweli. Jueni kwamba Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 inalinda siri ya anayejibu. Majibu yako hujumlishwa na ya wenzako, wala jina lako halitangazwi.

Kazi ya nyumbani: piga mistari ufanye safu nne, uandike juu yake: Tarehe, Mauzo, Gharama, Faida. Zijaze kwa siku 7. Asiye na duka amsaidie jirani mwenye genge. Siku ya saba jumlisheni, mlete madaftari darasani.

Kwaherini, wanafunzi.