Kujifunza ubalozi kwa vitendo: Faida ipo, ila nauli analipa nani?

Mwanafunzi wa Uhusiano wa Kimataifa anaweza kumaliza miaka mitatu chuoni, akaujua Mkataba wa Umoja wa Mataifa nje ndani, na bado asijue namna ya kumshawishi mtu mmoja akubali kubadilisha sentensi moja kwenye azimio.

Ndiyo maana vyuo vingi duniani vina programu za vitendo: vikao vya kuigiza Umoja wa Mataifa, mafunzo kwenye balozi na wizara, na mihula ya kusoma huku ukifanya kazi kwenye mji mkuu. Programu hizi zinafundisha kweli. Swali gumu ni nani anazifikia.

Kikao cha kuigiza kinaendaje?

Kinachojulikana zaidi ni Model UN, au MUN kama wanafunzi wanavyoiita. Si kitu kipya. Wanafunzi wa Marekani waliigiza Ushirika wa Mataifa tangu miaka ya 1920, kabla hata Umoja wa Mataifa haujazaliwa. Chuo Kikuu cha Harvard kilianza mikutano yake miaka ya 1950.

Utaratibu ni huu: unapangiwa nchi, mara nyingi si yako. Mkenya anaweza kuwa Brazil, Mtanzania akawa Urusi. Kabla ya kikao unaandika waraka wa msimamo: nchi hiyo inataka nini, imewahi kupiga kura vipi, na iko tayari kuachia nini.

Ukumbini kuna orodha ya wazungumzaji na muda unahesabiwa. Lakini kazi yenyewe hufanyika mwenyekiti anaporuhusu mashauriano ya pembeni. Hapo watu wanainuka, wanajikusanya makundi makundi, wanaandika rasimu na kusaka waungaji mkono. Yaani ukibaki umekaa kitini, umeshapitwa.

Somo ambalo kitabu hakitoi

La kwanza ni kutetea msimamo usioupenda. Balozi hasemi anachofikiri yeye, anasema kinachotakiwa na serikali yake.

La pili ni uzito wa neno. Kwenye maazimio, "linalaani" si sawa na "linaeleza wasiwasi". Nchi inaweza kukubali rasimu nzima kwa sababu tu neno moja limelegezwa.

La tatu ni hesabu. Baraza la Usalama lina wajumbe 15. Azimio zito linahitaji kura 9 za ndiyo, na asiwepo hata mmoja kati ya wanachama 5 wa kudumu anayelipinga. Unaweza kuwa na kura 14 mkononi, mmoja wa wale watano akakataa, kazi yote ikaenda na maji.

Mfano uko karibu. Mwaka 1981, Mtanzania Salim Ahmed Salim aligombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu raundi baada ya raundi, huku China ikimzuia Kurt Waldheim wa Austria. Mwisho wa siku nafasi ikaenda kwa mtu wa tatu, Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Habari hiyo unaisoma kwa dakika 5. Ukiigiza mwenyewe na kuzuiwa, huisahau.

Salim naye alijifunzia kazini: mwaka 1964 aliteuliwa balozi nchini Misri akiwa na miaka 22. Leo Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Msumbiji, kinabeba jina lake.

Kuigiza nako kuna mipaka

MUN huisha ndani ya siku chache. Hakuna bosi anayepiga simu kutoka wizarani usiku kubadilisha maelekezo, wala mwandishi wa habari anayesubiri jibu mlangoni.

Hayo mtu anakutana nayo fildi. American University ya Washington ilianzisha muhula wa aina hiyo mwaka 1947: mwanafunzi anahudhuria semina na kufanya kazi kwenye ofisi za mji huo.

Kazi za fildi zinaweza kuonekana ndogo: kufupisha habari za magazeti ya asubuhi, kuandika dondoo za kikao, kupanga ugeni, kuandaa taarifa kwa vyombo vya habari. Ila hapo ndipo kijana anagundua kuwa taarifa ya nusu ukurasa inapita mikono mingi kabla ya kutoka, na kila mkono una sababu.

Mlango una bei

Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa haiwalipi wanafunzi wanaokwenda kujifunza kazi. Nauli, visa, bima na kodi ya chumba ni juu yako.

Mwaka 2015, kijana wa miaka 22 kutoka New Zealand aliyekuwa akijifunza kazi Umoja wa Mataifa jijini Geneva aligonga vichwa vya habari baada ya kujulikana kuwa analala kwenye hema. Baadaye alieleza kwamba alikusudia pia kuibua mjadala. Na mjadala ukaibuka kweli.

Kuna mabadiliko. Mashirika kama ILO, UNICEF na WHO hutoa posho. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani nayo ilianzisha mpango wa kuwalipa wanafunzi wake mwaka 2022.

Lakini tatizo la msingi bado lipo. Anayemudu kukaa Geneva miezi 6 bila mshahara anapata mstari mzuri kwenye wasifu wake, na mstari huo unamsaidia kupata ajira. Mwisho wake, kiti cha kuzungumzia njaa na umaskini kinaweza kwenda kwa yule ambaye wazazi wake wana uwezo.

Karata ya Afrika Mashariki

Ofisi kuu za Umoja wa Mataifa ziko nne: New York, Geneva, Vienna na Nairobi. Hapo Gigiri ndipo yalipo makao makuu ya UNEP na UN-Habitat, na wanafunzi wa vyuo vya Kenya wamekuwa wakifanya vikao vyao vya MUN katika kumbi hizo. Kwa mwanafunzi wa Arusha au Kampala, hiyo ni safari ya basi, si visa ya Ulaya.

Arusha nako kuna makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo huandaa mdahalo wa wanafunzi wa vyuo vikuu vya nchi wanachama.

Halafu kuna lugha. Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha ya kazi mwaka 2022, lakini vikao vingi vya MUN bado vinaendeshwa kwa Kiingereza. Chuo kinaweza kuanzisha kikao cha Kiswahili kuhusu maji ya Mto Nile au vikwazo vya biashara mipakani. Kinachohitajika ni ukumbi, meza na mwenyekiti anayezijua kanuni.

Kabla ya kulipa ada, uliza

- Ada inajumuisha malazi na chakula, au ni kiti cha ukumbini tu?
- Nani anaandaa? Baadhi ya mikutano ya nje ni biashara, na barua ya "umechaguliwa" huja pamoja na namba ya kulipia. Ihakiki kwanza na ofisi ya chuo.
- Kuna mafunzo kabla ya kikao?
- Kwa fildi: msimamizi wako ni nani, na utapewa kazi gani hasa?
- Kuna posho, au nafasi za wasiomudu ada?

Kama swali la mwisho halina jibu, lipelekwe kwenye serikali ya wanafunzi na kwa mkuu wa idara. Kudai jibu hilo kwa hoja, bila kufunga milango ya mazungumzo, nako ni diplomasia kwa vitendo.