Redio ya dereva wa treni: agizo lisiporudiliwa, watu wanakufa

Treni inayokimbia kilomita 160 kwa saa inaweza kuhitaji kilomita moja hivi ili isimame. Dereva akiiona treni nyingine mbele yake kwenye njia ileile, mara nyingi amekwisha kuchelewa. Kwa hiyo anategemea taa za njiani na mtu asiyemwona: mwongozaji, anayefuata mwendo wa treni zote akiwa kituoni. Kati yao kuna redio.

Katika nchi nyingi za Ulaya redio hiyo inaitwa GSM-R, mtandao wa simu wa reli peke yake. Kabla ya kuondoka, dereva anaandika namba ya treni yake kwenye chombo kilicho mbele yake. Tangu hapo mwongozaji anaita namba hiyo, hata kama hajui nani anaendesha. Kuna pia kitufe chekundu cha hatari: kikibonyezwa, mazungumzo mengine yanakatika na madereva wote wa eneo hilo wanasikia.

Lakini kazi yenyewe iko katika maneno. Huko Uingereza, mwongozaji akitoa agizo, dereva lazima alirudilie, na namba zinatajwa moja moja: «mbili, saba», si «ishirini na saba». Akikosea, wanaanza upya. Wazazi wetu waliotumia foni, wakati simu za mkononi hazijafika vijijini, wanaijua vizuri desturi hiyo.

Ugiriki ilionyesha bei ya kuiacha. Usiku wa tarehe 28 Februari 2023, mkuu wa kituo cha Larissa alimruhusu kwa redio dereva wa treni iliyotoka Athens kwenda Thessaloniki, ikiwa na abiria karibu 350, apite taa nyekundu na kuendelea hadi Neoi Poroi. Dereva aliuliza kama aende. Akajibiwa aende. Katika sauti zilizorekodiwa, ambazo vyombo vya habari vya huko vilizitangaza, hasikiki mtu akitaja njia ipi kati ya zile mbili. Nayo reli ya kugeuzia treni ilikuwa imeachwa upande usiofaa. Treni iliingia njia ya zile zinazokuja, ikakimbia humo zaidi ya dakika kumi, kisha ikagongana uso kwa uso na treni ya mizigo karibu na Tempi. Watu 57 walikufa, wengi wao vijana wanafunzi.

Hata kitufe cha hatari kinahitaji mtu aliye makini. Karibu na Bad Aibling, Ujerumani, tarehe 9 Februari 2016, mwongozaji aliruhusu treni mbili zikutane kwenye njia moja. Alipotambua hatari alipiga wito, lakini alibonyeza pasipofaa na madereva hawakuupata. Watu 12 walikufa. Mahakamani alikiri kwamba alikuwa akicheza mchezo kwenye simu yake akiwa kazini. Mwezi Desemba mwaka huohuo alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu.