Seli Shina Haziuzwi Kwenye Pakiti

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya Dar es Salaam na Nairobi kuna unga wa vipakiti unaonadiwa usiku na mchana. Unauweka chini ya ulimi, unasubiri uyeyuke, basi. Muuzaji anaapa kuwa ni tiba ya "seli shina", na kwamba unaponya kisukari, presha, kiharusi, selimundu, hata saratani. Wanaonunua wengi ni wazazi na wagonjwa waliokwisha kuzunguka hospitali hadi wakachoka. Inaniuma, kwa sababu tiba ya kweli ya seli shina ipo, na sasa iko hadi Dodoma.

Seli nyingi za mwili zimeshapangiwa kazi: ya moyo inadunda, ya neva inapeleka taarifa, chembe nyekundu ya damu inabeba oksijeni. Seli shina ni ile ambayo bado haijapangiwa. Ikigawanyika huweza kuzaa nyingine kama yenyewe, na pia kuzaa seli zitakazokwenda kufanya kazi maalumu. Zimo kwenye ngozi na kwenye utumbo, lakini zinazojulikana zaidi kwa madaktari ni zile za kwenye uloto, yaani ute ulio ndani ya mifupa. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, na uloto hutengeneza mpya takriban milioni 2 kila sekunde ili kuziba pengo.

James Till na Ernest McCulloch wa Toronto ndio waliotoa ushahidi wa kwanza wa wazi kwamba seli hizi zipo, mwaka 1961. Waliwapiga mionzi panya, wakawachoma uloto wa panya wengine, kisha wakakuta vinundu vimeota kwenye bandama. Wao na wenzao walionyesha kuwa kinundu kimoja kilitokana na seli moja tu. Nchini Marekani, Donnall Thomas alikuwa ameshaanza kupandikiza uloto kwa wagonjwa wa saratani ya damu. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Kwetu jambo hili linagusa zaidi selimundu. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wakiwa na ugonjwa huu. Chembe zao nyekundu hujikunja kama mundu, hukwama kwenye mishipa midogo, na mtoto analia kwa maumivu ya mifupa ambayo mzazi hawezi kuyafikia. Kosa liko kwenye mtambo wa damu wenyewe, kwa hiyo kuongezewa damu hutuliza tu; kuponya ni kuubadilisha mtambo huo, yaani uloto. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Muhimbili ilikuwa imetangulia mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya uloto.

Kazi yenyewe ni nzito. Kwanza anatafutwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja anayelingana na mgonjwa. Kila ndugu ana nafasi 1 kati ya 4. Ndugu aliyebeba kinasaba kimoja tu cha selimundu naye anaweza kuchangia. Mgonjwa hupewa dawa kali za kuua uloto wake mbovu, na kinga yake hushuka mno, hivyo hukaa chumba cha peke yake. Seli za nduguye huja ndani ya mfuko na kuingia mshipani kama damu ya kawaida, halafu zenyewe hutafuta njia hadi ndani ya mifupa. Hupita wiki mbili hadi nne kabla hazijaanza kutengeneza damu. Hatari zipo: maambukizi, ugumba, na seli za mchangiaji kuushambulia mwili wa mgonjwa.

Nje ya damu, mengi bado ni utafiti. Shinya Yamanaka wa Kyoto alipata Nobel mwaka 2012 kwa kuirudisha seli iliyokomaa kwenye hali ya uchanga kwa kutumia jeni 4 tu, na ugunduzi wake umefungua majaribio ya macho na ugonjwa wa Parkinson. Mengi ya hayo bado ni majaribio, na kukimbilia kuyauza kama tiba kuna hatari. Huko Florida wanawake watatu walidungwa machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta ya miili yao, kwenye kliniki iliyowatoza pesa, wakapoteza uwezo wa kuona.

Sasa rudi kwenye pakiti. Seli shina ni kitu hai. Hugandishwa kwenye baridi kali au hutumika mara moja. Haikai rafuni ikiwa unga mkavu, na ukiimeza tumbo litaisaga kama nyama yoyote.

Kama una mtoto mwenye selimundu, usimwachishe dawa kwa ahadi ya mtu wa mtandaoni. Mpeleke kliniki ya selimundu, muulize daktari kuhusu dawa ya haidroksiyurea, ambayo hupunguza maumivu na hupendekezwa na wataalamu wengi kwa sababu inafanya kazi, na uulize kama ndugu zake wanaweza kupimwa ulinganifu. Pesa ya vipakiti ilipie nauli ya kliniki.