Si kila jasho la usiku ni malaria

Mwaka jana, nikiwa na umri wa miaka 47, nilitibiwa malaria mara tatu katika miezi minne. Kila mara niliamka usiku wa manane nimelowa jasho chapachapa. Mara mbili hata damu sikupimwa. Nilikwenda duka la dawa, nikapewa dozi, nikameza. Mara ya nne nilikwenda zahanati, na muuguzi mmoja mtu mzima akaniuliza swali moja tu: "Mama, siku zako uliziona lini mara ya mwisho?" Ilikuwa miezi mitano. Mimi niliyezoea kuwahoji wakubwa redioni nilikosa la kujibu.

Ndugu wasomaji, hedhi haikomi kwa siku moja. Ovari hupunguza kutengeneza homoni iitwayo estrojeni, na wanawake wengi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Kwanza hedhi hurukaruka. Kisha huja joto la ghafla kifuani, likapanda shingoni na usoni, moyo ukadunda. Baada ya dakika chache hubaki jasho na baridi. Kipimajoto hakionyeshi homa. Homa ikiwapo, kapime malaria kama kawaida. Usingizi hupotea, hasira huwa karibu, na ukavu ukeni hufanya tendo la ndoa liume. Hili la mwisho limevunja nyumba za watu, mume akidhani mkewe amepata mwingine.

Walionipigia simu wengi waliulizia kipimo. Mwanamke aliyevuka miaka 45 kwa kawaida hahitaji kipimo cha homoni, kwani homoni hizo hupanda na kushuka siku hadi siku. Maelezo yake yanatosha. Afadhali fedha hiyo ipime ujauzito, damu na tezi ya shingo, maana tezi inayofanya kazi kupita kiasi nayo huleta joto na moyo kudunda. Aliye chini ya miaka 45, na hasa chini ya 40, huyo achunguzwe kwa makini. Na hedhi kurukaruka si kinga ya mimba. Uzazi wa mpango usiachwe mapema.

Tiba ipo. Homoni hutolewa kwa vidonge, au kwa plasta na jeli za kupaka ngozini. Mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake, bali pamoja na projesteroni, la sivyo ukuta wa kizazi hunenepa na kuweza kuleta saratani. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha ongezeko la saratani ya matiti na damu kuganda, wanawake wakazitupa dawa. Lakini wastani wa umri wa waliochunguzwa ulikuwa miaka 63. Leo wataalamu wanaona kwamba kwa mwenye afya aliye chini ya miaka 60, anayesumbuliwa sana, faida kwa kawaida huzidi hatari. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda damu kwa kawaida hapewi. Kwake zipo dawa zisizo za homoni za kupunguza joto. Kwa ukavu pekee, krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni mara nyingi hutosha.

Mama mmoja alinieleza kwa furaha kwamba hedhi yake "imerudi" baada ya miaka miwili. Nilimwomba aende hospitali siku ileile. Ukishamaliza miezi 12 bila hedhi, damu yoyote, hata tone, ichunguzwe, kwani yaweza kuwa dalili ya saratani ya kizazi, nayo ikiwahiwa hutibika.