Kuilinda Kompyuta Inapoongoza Mota

Mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta si mali ya viwanda vikubwa peke yake tena. Mwanafunzi wa sekondari wa Izigo, wilayani Muleba, anaweza kukusanya mota kutoka katika printa zilizoharibika, parafujo ndefu, fremu ya mbao na transista chache, akaunda mashine ya kuchora au kuchonga umbo alilolitayarisha katika programu. Fizikia anayofundishwa darasani yatosha kumwanzishia kazi hiyo. Lakini ipo hatari moja ambayo aghalabu haionyeshwi katika michoro anayoiiga, nayo ni kwamba kosa dogo la kuunganisha nyaya laweza kuiunguza kompyuta yenyewe. Mahali ambapo kompyuta moja hutumiwa na darasa zima, hasara hiyo si ya fedha tu. Mlango wa maabara ukifungwa kwa hofu ya hasara nyingine, mradi wa wanafunzi huishia hapo. Makala haya yanaeleza kwa nini ajali hiyo hutokea, na jinsi ya kuizuia kwa vifaa vya bei ndogo.

Nguvu mbili zisizolingana

Mota inayofaa kazi hii huitwa mota ya hatua. Koili zake zinapopewa umeme kwa zamu, mhimili wake hugeuka kwa pembe ndogo isiyobadilika. Katika mota nyingi pembe hiyo ni nyuzi 1.8, yaani hatua 200 kwa kila mzunguko. Mhimili ukizungusha parafujo inayosogeza meza milimita 2 kwa mzunguko, kila hatua moja huisogeza meza milimita 0.01.

Kompyuta haiwezi kuiendesha mota hiyo moja kwa moja. Kompyuta za zamani zilitoa ishara kupitia tundu la printa lenye pini 25. Za sasa hutumia waya wa USB na bodi ndogo ya udhibiti. Kwa vyovyote vile, pini ya ishara hutoa volti 5 au 3.3, na mkondo wa miliampea chache tu. Mota huweza kuhitaji volti 12 au 24, na mkondo wa ampea 1 au zaidi. Kwa hiyo kompyuta hutoa amri tu, na transista ndiyo inayofungua na kukata mkondo wa mota unaotoka katika chanzo kingine cha umeme.

Ajali hutokeaje?

Koili yenye mkondo ni ghala la nishati, na haikubali mkondo wake ukatwe ghafla. Inapokatwa huzalisha volteji ambayo hupatikana kwa kuzidisha kiasi cha uinduktishaji wa koili kwa badiliko la mkondo, kisha kugawanya kwa muda wa badiliko hilo. Tuchukue koili ya henri 0.01 yenye mkondo wa ampea 1. Kama mkondo huo ungekatwa katika mikrosekunde 10, yaani sekunde 0.00001, volteji ingefikia 1,000, ingawa chanzo chenyewe ni cha volti 12. Transista ya kawaida haihimili volteji hiyo. Ikipasuka kwa ndani, umeme wa mota hupata njia ya kurudi nyuma kwenye waya wa ishara, ukaingia katika kompyuta.

Kinga ya kwanza, basi, ni dayodi inayowekwa sambamba na koili, upande wake wenye mstari ukielekea kwenye chanya ya chanzo. Mota inapofanya kazi dayodi haipitishi kitu. Mkondo unapokatwa, huipa nishati ya koili njia ya kuzunguka hadi iishe. Baadhi ya vipande vya kuendeshea mota huwa na dayodi hizo ndani yake tayari.

Hatari ya pili ni waya wa kurudishia mkondo. Ukilegea, mkondo wa mota hutafuta njia nyingine ya kurudi kwenye chanzo chake, na njia hiyo yaweza kuwa waya mwembamba wa kompyuta. Dayodi haiwezi kuzuia jambo hili.

Kupitisha ishara bila kupitisha umeme

Huko Kemondo, jirani na Izigo, wanaakiolojia wamefukua mabaki ya matanuru ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 1,400. Wahunzi wa Kihaya walipuliza upepo kwa mivukuto ya ngozi kupitia mabomba ya udongo yaliyoingia tanuruni. Bomba lilipitisha upepo, lakini likaiweka ngozi mbali na moto. Kanuni tunayoihitaji ni iyo hiyo: kipite kinachotakiwa, kizuiwe kinachodhuru.

Katika elektroniki kazi hiyo hufanywa na optokapla. Ndani ya kifaa hiki kidogo mna taa ya dayodi upande mmoja, na transista inayohisi mwanga upande wa pili. Kompyuta huwasha taa. Mwanga huvuka na kuiamsha transista. Kati yao hakuna waya hata mmoja. Optokapla ya PC817, yenye miguu minne tu, imeundwa kuhimili volti 5,000 kati ya pande zake mbili.

Taa hiyo huhitaji kikinza ili mkondo usizidi. Ishara ikiwa volti 5, taa ikichukua volti 1.2, na tukitaka miliampea 10, ukinzani utakuwa 3.8 kugawanywa kwa 0.01, yaani omu 380. Kikinza cha omu 390 kinafaa.

Jambo linalobatilisha kinga

Wako wanaofunga optokapla vizuri, kisha wakachukua umeme wa upande wa mota kutoka tundu la USB, au wakaunganisha hasi za pande zote mbili. Hapo mwanga hauna faida tena, kwa maana waya umerudi kwa mlango wa nyuma. Kila upande uwe na chanzo chake na hasi yake.

Lakini waya wa ardhi wa plagi ya umeme wa nyumbani usikatwe kamwe kwa kisingizio cha kutenganisha pande hizo. Waya huo hulinda uhai wa mtu, na uhai hutangulia kompyuta.

Mpango wa majaribio

Kwanza, vyanzo vyote vikiwa vimechomolewa, pima kwa mita ukinzani kati ya hasi ya upande wa ishara na hasi ya upande wa mota. Mita ikionyesha njia, tafuta kosa kabla ya kuendelea. Pili, weka betri tatu za volti 1.5 mahali pa kompyuta, na taa ndogo yenye kikinza chake mahali pa mota. Gusa na kuachia waya wa ishara, uone kama taa inatii. Tatu, funga mota pamoja na fyuzi, ukiendelea kutumia betri. Mwisho kabisa unganisha kompyuta. Mota isichomolewe wala kuzungushwa kwa mkono ikiwa ingali imeunganishwa, kwa sababu mota inayozungushwa hugeuka jenereta.

Optokapla haimudu radi. Katika ukanda huu wa Ziwa Viktoria wenye ngurumo nyingi, chomoa plagi zote kazi inapokwisha, au mara wingu la mvua linapoonekana.

Swali kwa wanafunzi: Ikiwa bodi yenu hutoa ishara ya volti 3.3, na mkondo unaotakiwa ni ule ule wa miliampea 10, mtahitaji kikinza cha omu ngapi? Fanyeni hesabu kwanza, kisha pimeni mkondo halisi kwa mita, mlinganishe.